Bunduki Iliyotaka Bega

Mimi ni fundi wa cherehani, na kubembeleza sijui. Mteja akiniletea mashine iliyokufa namwambia imekufa, aende zake akatafute nyingine. Kibanda changu kiko Eldoret, nyuma ya soko, kati ya mshona viatu na mama anayeuza makoti ya mitumba. Watu huja kwangu pamoja na ulimi wangu huo, kwa sababu nikisema mashine itapona, hupona. Nafikiri ndiyo maana baba, alipoona bunduki yake inahitaji mkono wa mtu mwingine, hakumwita kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwanamume na ana gari. Aliniita mimi.

Shamba la baba liko juu, ukishapita Burnt Forest kuelekea Timboroa, kule ambako mahindi huchukua karibu mwaka mzima kukomaa na viazi ndivyo vinavyolisha watu. Msitu uko ng'ambo tu ya ua. Ukungu ukianza kuinuka asubuhi, nyani hutoka, wakubwa mbele, wenye watoto mgongoni nyuma, na huingia kwenye viazi kwa utaratibu kuliko vibarua wowote ambao baba aliwahi kuwaandika. Wanachimbua, wanang'ata kidogo, wanatupa, wanachimbua kingine. Hilo la kutupa ndilo lililomuudhi baba zaidi.

Bunduki ilikuwa ya kuwafukuza. Baba alikuwa na leseni yake tangu ujana, baada ya mzungu mmoja, ambaye baba alimwendeshea trekta, kuuza shamba na kumwachia silaha hiyo kihalali, na sidhani kama aliwahi kuua nayo kitu chochote. Alipiga kwenye ukingo wa udongo nyuma ya zizi, haraka haraka, na mlio wenyewe ndio uliowarudisha nyani msituni. Ilikuwa ya kizamani, ya nusu otomatiki, nzito, na mtutu wake umevikwa ndani ya bomba nene la chuma. Risasi unazisukuma kutoka juu kwa kidole gumba. Ukishapiga ya kwanza hufanyi kitu kingine ila kuvuta tena: ganda tupu linaruka nje lenyewe, risasi inayofuata inapanda yenyewe.

Ila sasa ilikuwa haifanyi hivyo. Ilipiga moja, kisha ganda lilisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, au lilitoka lakini risasi ya pili ikakataa kupanda. Baba alilazimika kusimama pale akikwangua kwa kucha. Nyani nao si wajinga. Waliposikia mlio mmoja walikimbia hadi kwenye ua, wakaketi, wakangoja wa pili, na usipokuja walirudi kwenye viazi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilininyima usingizi. Mama alipofariki, kaka alitaka baba ahamie mjini na shamba likodishwe kwa watu wa ngano. Baba alikataa. Siku ya matanga, tukiwa tumekaa sote nje, alitoa sharti lake mwenyewe bila kuulizwa.

"Siku hii bunduki itakataa kabisa, hiyo siku nitashuka huko tauni kwenu," alisema. "Shamba bila kitu ya kufukuza nyani si shamba tena. Ni jikoni yao."

Kaka aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Na ukaguzi wa bunduki ulikuwa unakaribia: afisa huiangalia silaha, kisha humtazama mwenye leseni akiipiga, na kama mambo si sawa bunduki haimrudii. Baba alikuwa mtu wa neno lake kupita kiasi. Ikibaki serikalini, angeshuka, na angeshuka kwangu, kwenye vyumba vyangu viwili upande wa barabara ya Turbo, ambako jirani hufungulia redio mpaka ukuta unatikisika. Nilimwona tayari akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia mlango, siku baada ya siku, hadi aishe. Niliogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu kingine. Kwa hivyo nilipopanda kule Jumamosi ya kwanza na bisibisi zangu, nilijua vizuri ninachokwenda kutengeneza.

Tuliifungua juu ya meza ya jikoni, yeye akiwa ameketi mbele yangu, kwa sababu leseni ni yake na hakuruhusu iguswe akiwa hayupo. Alikuwa amevaa kabuti lake la kijani, lile zito la kufika magotini, ambalo sijamwona akilivua tangu mama aondoke. Kule juu hakuna anayemshangaa mtu mwenye kabuti. Nilitoa kifuniko cha nyuma, nikaingiza kidole, kikatoka na uji mweusi. Nikanusa.

"Baba, hii ni nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ya nini?"

Akaangalia dirishani. "Ya kukamulia."

"Umepaka bunduki mafuta ya chuchu za ng'ombe?"

"Ng'ombe haijawahi kulalamika."

Nilicheka hadi nikaweka bisibisi chini. Mafuta hayo ni mazuri kwa kazi yake. Kwenye baridi ya Timboroa hugandamana, hushika masizi ya baruti, na baada ya muda huwa ukoko wa sufuria. Kila kilichopaswa kuteleza ndani ya bunduki ile kilikuwa kinakokotwa. Nikamwambia kwamba hata cherehani ya shule ya wasichana haijawahi kuja kwangu imechafuka hivyo. Akatabasamu kidogo, akaniambia niendelee na kazi, fundi anayeongea sana hupoteza skrubu.

Kisha nikamulika ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na kicheko kikaniisha. Kulikuwa na nyuzinyuzi za kahawia zimeng'ang'ania pembeni, na mikwaruzo midogo midogo kuzunguka. Nikazitoa kwa kibano, moja moja, nikazipanga juu ya gazeti. Nilizijua. Zilitoka kwenye sosiot ya mama, kile kijiti cha mtende wa porini kilichopondwa ncha hadi kikawa brashi, cha kusugulia kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Mama alitoka Kakamega, na nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu yake, lakini kibuyu alikijua kuliko wanawake wengi waliozaliwa nacho. Akimaliza kukisugua alikipaka ndani mkaa laini wa mti, na huo mkaa ulikuwa bado kwenye brashi baba alipoichukua. Ndio uliokwaruza chuma. Ganda likipanuka kwa moto lilishika kwenye mikwaruzo hiyo na kugoma kutoka.

"Ilikuwa imekaa tu," baba alisema, kabla sijauliza. "Hakuna mtu anaosha kibuyu hapa. Nikaona ni kitu ya kusafisha shimo, na hii ni shimo."

Nilitaka kumfokea nikashindwa. Nilimwona akilini asubuhi ile aliyoitoa brashi ukutani, peke yake jikoni, na kopo la mafuta ambalo mama alilifungua na hakulimaliza. Nikachukua mafuta ya taa na brashi yangu ndogo, nikaanza kuosha.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hapo ndipo nilipojidanganya. Niliosha kila kipande hadi chuma kikang'aa. Springi inayosukuma risasi juu ilikuwa na kutu. Nikaisugua, nikaijaribu kwa kidole, ilikuwa bado na nguvu. Chemba niliing'arisha kwa kitambaa na dawa ya shaba, polepole, nikiogopa kula chuma. Nikapaka mafuta mepesi ya cherehani, matone tu. Kisha nikachukua maganda matupu, nikayapakia kama risasi, nikaegemeza mdomo wa mtutu kwenye ubao na kuusukuma chini. Bunduki hiyo ina tabia ya ajabu: ikipigwa, mtutu mzima hurudi nyuma ndani ya bomba lake pamoja na bolti, kile chuma kinachoufunga kwa nyuma, kisha mtutu hutangulia kurudi mbele, ganda linabaki limeshikwa na kutupwa nje, halafu bolti hufuata ikibeba risasi mpya. Niliposukuma, kila kitu kilifuatana. Ganda liliruka likagonga sufuria. Baba alipiga meza kwa kiganja.

"Fundi!" alisema, na kwa kweli nilijisikia mrefu.

Tukatoka hadi nyuma ya zizi. Njiani aliketi kwenye shina la mkaratusi lililoangushwa, akasema baridi imemkaa magotini. Kisha akasimama, akaiegemeza bunduki begani juu ya kabuti, akapiga kwenye ukingo. Ganda likasimama mlangoni.

Akapiga tena baada ya kulikwangua. Likatoka, na risasi iliyofuata haikupanda. Kwenye ua nyani dume aliinua kichwa akatutazama.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumamosi zangu. Mezani ilifanya kazi, shambani ikakataa. Wateja huniambia kila wiki kwamba mashine inasumbua nyumbani na ikifika kwangu inashona, nami huwajibu kwamba hawajui kushona. Niliamua shida ni kale kakucha kadogo kanakoshika ganda na kulivuta; kalikuwa kamelika ncha. Nilimpigia simu fundi wa bunduki mwenye leseni, akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo spea haiko. Hata ukienda kwa makumbusho, ni kuangalia tu kwa kioo." Kwa hivyo nikakainua kwa jiwe la kunolea, kidogo kidogo, nikishika pumzi. Mezani kakauma vizuri sana. Shambani ganda likasimama.

Kisha nikalaumu risasi. Zilikuwa za zamani, zilizobaki kwenye kopo la chai, na aina hiyo haiuzwi tena popote nilipouliza. Baruti ikizeeka huchoka, niliambiwa, na bunduki ya namna hii hutegemea teke la baruti kujisogeza. Kila jaribio lilipunguza kilichokuwemo koponi. Nikaanza kusema tupige kidogo tu, tuweke za ukaguzi.

Mwishowe nikamlaumu yeye. "Unazisukuma vibaya, Baba! Umeinamisha! Shika kitu kama mtu anayeshika kitu!" Nilipiga kelele hivyo mbele ya ng'ombe zake. Zamani angenijibu neno moja ambalo lingenirudisha utotoni. Siku hiyo alisema tu, "Sawa, mama," akajaribu tena. Ule utulivu wake ulinichoma, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa ganda. Hapo ndipo fundi huangalia.

Siku ya ukaguzi kaka alitubeba kwa gari lake, na hakusema lolote kuhusu ngano, namshukuru. Uwanja wa shabaha ulikuwa nje kidogo ya mji. Jua la Eldoret lilikuwa limeshapanda, lile kavu la Januari linalokufanya ufunike macho kwa mkono. Afisa alikuwa mama wa rika langu, mwenye mikono ya shati iliyokunjwa vizuri na sauti ya mtu aliyelelewa na wazee. Alimwamkia baba kwa mikono miwili. Akaifungua bunduki, akaangalia ndani, akauliza nani aliisafisha.

"Ni huyu," baba alisema. "Ni fundi ya cherehani."

"Amefanya kazi," afisa alisema.

Akapakia risasi zetu zilezile za kopo la chai. Akasimama, akaegemea mbele, akapiga. Na akapiga, na akapiga. Maganda yaliruka moja baada ya jingine, yakaanguka kwenye nyasi kulia kwake, na kila risasi ilipanda bila kusita hadi zikaisha. Nilimshika kaka mkono. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema, pale mbele ya watu wenye bunduki. Haikuwa springi, haikuwa risasi, haikuwa kakucha. Bunduki ilikuwa nzima. Baba alikuwa anarudi kwake.

"Sasa wewe, Mzee," afisa alisema. "Lakini toa kabuti kwanza, ndio ikae vizuri kwa bega."

Baba akasema hakuna shida, ameizoea hivyo.

"Mzee, na hii jua? Toa tu."

Akatoa. Alichukua muda kwenye vifungo. Nilisogea nikalipokea kabuti, na lilikuwa zito mno mikononi mwangu. Nilipoinua macho nikamwona.

Kulikuwa na sweta mbili chini ya kabuti, moja ya mama. Hata hivyo mabega yalionekana yote, mfupa kwa mfupa, kama henga ya nguo. Shingo ilikuwa imesimama peke yake ndani ya kola. Baba yangu alikuwa mtu wa kuinua gunia la viazi bila kuitisha msaidizi. Sijui mtu huyo aliondoka lini. Kaka aliachia mkono wangu.

Baba aliweka bunduki begani, akapiga. Safari hii sikuangalia mlango wa ganda. Nilimwangalia yeye, na nikaona alivyorudi nyuma pamoja na bunduki, mwili mzima, kama mlango usio na komeo. Ganda lilisimama nusu ndani, nusu nje. Afisa akalitoa, akamwonyesha namna ya kuegemea mbele. Akapiga tena. Akarudi nyuma tena. Ganda lilitoka, risasi ya pili haikupanda.

Nikiletewa mashine inayoruka mshono, kabla sijafungua skrubu hata moja huuliza imewekwa kwenye meza gani. Meza ikiyumba, nguvu yote huishia kwenye kuyumba na sindano haifiki inapotakiwa. Ule mtutu ulihitaji kurudi nyuma, na ungerudi tu kama nyuma yake kuna kitu kimesimama imara. Mezani kulikuwa na mikono yangu, ikiisukuma kwenye ubao. Kwa afisa kulikuwa na bega. Baba hakuwa na kitu cha kuizuia bunduki, na kwa hivyo walirudi nyuma wote wawili, yeye na bunduki, na ndani hakuna kilichosogea.

Afisa alielewa pia. Aliitoa bunduki mikononi mwake taratibu, akaifungua, akahakikisha iko tupu.

"Bunduki haina makosa, Mzee," alisema, kisha akanitazama mimi badala ya kumalizia.

Baba alinigeukia. Aliniangalia kwa adabu ileile ya wateja wangu wanaposimama kwenye kaunta.

"Fundi, umeona shida?"

"Nimeona, Baba."

"Ni springi?"

"Si springi."

"Ni hii risasi imezeeka?"

"Hapana."

Akaangalia bega lake, kisha akaangalia maganda ya afisa yaliyotawanyika kwenye nyasi.

"Basi nipe kabuti yangu," alisema. "Hapa kuna baridi."

Jua lilikuwa linachoma. Nikamvalisha, nikamfunga vifungo.

Bunduki ilibaki serikalini. Hakuna aliyemkumbusha baba maneno yake ya siku ya matanga. Garini alisema mwenyewe kwamba tupite moja kwa moja kwangu, nguo zingine zitaletwa. Hospitalini walimpima, wakampima tena, wakatuita mimi na kaka kwenye chumba kidogo. Daktari alisema kwamba ndani ya baba kuna ugonjwa unaomla, kwamba huanza kimya, na ungegunduliwa mapema pengine kungekuwa na la kufanya. Alitupa dawa za maumivu na za kumfanya apende chakula. Za chakula hazijafanya kitu.

Shamba sasa ni la ngano. Ng'ombe walichukuliwa na jirani. Kaka huleta maziwa Jumapili, baba hunywa kidogo ili asimuudhi. Hakai kwenye kiti cha plastiki akiangalia mlango kama nilivyoogopa. Hilo tu sikulibashiri. Asubuhi hutembea nami hadi kibandani, tunapumzika njiani pale penye ngazi za duka la dawa, halafu anaketi kando ya mashine zangu ndani ya kabuti lake, akinikosoa. Anasema naongea vibaya na wateja.

Kabuti lilianza kumzidi. Mikono ilifunika vidole, na mabega yalishuka hadi karibu na viwiko. Akaniomba nilipunguze. Nikafungua mishono, nikakata, nikashona, akalivaa akasema sasa ni kama la kijana. Baada ya muda nikalipunguza tena.

Wiki hii amelivua mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya mashine mbele yangu. Mama wa mitumba alikuwa anatutazama.

"Fundi," alisema, "si unaweza kutoa kidogo hapa kwa bega?"

Nikaligeuza nje ndani. Mshono wa bega ulikuwa umeshafika kwenye kola. Mteja mwingine yeyote ningemwambia pale pale, bila kubembeleza, kwamba hapa hakuna tena pa kupunguza, aende akatafute lingine. Yeye alikuwa amesimama na sweta zake mbili, ameshika ukingo wa meza, akinisubiri.

"Inaweza, Baba," nikasema, nikachukua chaki.